Mtandao Unashika Kaburini Tu

Wakubwa wa ofisi ya maji walisimamisha mlingoti wa kutuma habari mahali ambapo hakuna mtandao. Naandika nilivyoona, sijatia chumvi. Walikuja na magari mawili, wakamwaga zege kwenye kona ya mto chini ya nyumba yangu, wakasimamisha chuma, wakafunga sola juu na antena juu ya sola, wakapigana picha, wakaondoka. Walipokwisha kuondoka ndipo antena ikagundua kwamba haina wa kuongea naye. Taa nyekundu ikawa inakonyeza mchana kutwa, bure kabisa.

Nilimuuliza fundi wao kwa nini walichagua pale.

"Ramani ndiyo iliyochagua, mzee."

"Ramani ilichorwa wapi?"

"Ofisini."

"Na huko ofisini mtandao upo?"

"Upo, tena mzuri."

Basi. Ukiwa na kichwa cha kawaida, unaongea na watu hawa mpaka kinauma.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa. Kuna bomba limezamishwa mtoni, na ndani ya bomba kuna kipimo kinachojua maji yamefika wapi. Waya unatoka hapo unaingia kwenye kisanduku cha kijivu. Kisanduku hicho, fundi anakiita loga, kinaandika kina cha maji kila baada ya muda mfupi, mvua isiwepo au iwepo. Kinaandika, kinaweka tumboni, kinanyamaza. Mpaka fundi aje na laptopu, achomeke waya wake, avute yote yaliyomo. Yeye husema anakuja kuvuna data. Huvuna siku anayopewa gari. Gari likiwa halina mafuta, au Mkuu wa ofisi akiwa amelichukua kwenda harusini, mavuno yanasubiri.

Sasa nije kwa mke wangu. Shamba letu la maharage liko bondeni. Unashuka kwa njia ya mgongoni, unauacha mto nyuma ya kilima, halafu unaukuta tena kule chini umetanuka. Siku ile kwetu hakukunyesha hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, milimani kwa watu wengine. Maji yalipita kwenye kona yetu tukiwa tumelala, na kona yenyewe imo korongoni, ukiwa nyumbani huioni. Kulipopambazuka mama watoto akachukua jembe, akanigombeza kwa kuacha ndoo nje, akaenda. Maji yakamkuta bondeni.

Tulivyompata sitaandika.

Fundi alikuja kuvuna baada ya mazishi, hana habari yoyote. Nilimsikia akipiga kelele za furaha korongoni. "Mzee! Njoo uone! Kimeshika kila kitu, hakuna hata robo saa iliyopotea!" Nikashuka. Akanigeuzia kioo cha laptopu. Kulikuwa na mstari umelala, umelala, halafu jioni ya kuamkia siku ile unaanza kupanda, na usiku kucha unapanda mpaka karibu utoke juu ya kioo.

Kisanduku kilijua tangu jioni. Kilikaa na habari tumboni, mimi na mke wangu tunakoroma pale juu, kikisubiri laptopu.

"Huo mlima hapo," nilimwambia, "ndio uliomuua mke wangu."

Alifunga laptopu polepole, akakaa kwenye matope na suruali yake ya kazi. Sina ugomvi mkubwa naye. Ugomvi wangu ni na wale waliokwenda dukani na pesa za serikali wakanunua kitu cha kuandika, wakaona cha kusema ni anasa.

Basi walipokuja na mlingoti, mke wangu akiwa tayari ni wa kuombewa, sikuwashukuru. Na taa nyekundu ilipoanza kukonyeza sikushangaa.

Baada ya muda fundi akarudi peke yake, safari hii ametumwa atafute mahali ambapo mtandao unashika ili mlingoti uhamishwe. Kipimo kingebaki mtoni, alisema, waya ungepanda mpaka juu. Akaanza kuzunguka uwanja wangu ameinua simu kama mtu anayechungulia yai kwenye mwanga. Nyuma ya jiko, hakuna. Kando ya banda la kuku, hakuna. Akapanda juu ya jiwe la kufulia, akasimama kwa mguu mmoja.

Mke wa mwanangu alikuwa anaanika nguo. Mwanangu anafanya kazi mbali, mkewe anakaa nami, na mdomo wake hauna breki. Ndiye aliyembatiza fundi jina la Laptopu.

"Shemeji Laptopu, unatafuta mtandao au unatafuta mchumba?"

"Mtandao, dada."

"Mchumba ungempata mapema. Hebu jaribu chooni."

Akajaribu chooni, kweli. Akatoka anatikisa kichwa.

Mimi nilikuwa nimekaa nachonga mpini. Nilijua mtandao uko wapi. Nyumba nzima ilijua. Juu kabisa ya kiwanja, penye pengo kati ya vilima viwili, ndipo mke wangu alipokuwa anasimama kumpigia mwanetu simu, anaongea kwa sauti mpaka wapita njia wanajua mwanetu amekula nini. Ndipo nilipomzika. Kulia kuna mwamba, kushoto kuna njia ya watu na mteremko mkali, na katikati pana nafasi ya kaburi moja tu.

Laptopu akaanza kupanda huko.

"Huko hakuna kitu," nikasema.

Akasimama kwa adabu. Akashusha simu. Na simu, mkononi mwake, ikaanza kulia yenyewe: ting, ting, ting, meseji zote za tangu asubuhi zinaingia kwa mpigo, kama watoto waliofunguliwa mlango wa darasa. Mwishowe Mkuu akapiga kuuliza amefikia wapi.

Hakupokea. Alinitazama. "Mzee, samahani," akasema.

"Rudi ofisini uwaambie wahamishe kilima."

Jioni mkwe wangu akanikalia kooni. Tulikuwa jikoni, anachochea moto kana kwamba moto ndio uliomkosea.

"Baba, kwa nini umemfukuza?"

"Sijamfukuza. Nimemtuma."

"Wewe hushuki bondeni. Mimi ndiye ninayeshuka."

"Nimekukataza mara ngapi kushuka?"

"Na tule nini, mwamba?"

Ndicho kilichokuwa kinaniua polepole. Kila anaposhuka kule mimi nabaki mlangoni, siwezi kuchonga, siwezi kulala, nasikiliza mto ambao kutoka pale hausikiki. Ninazika mmoja, halafu nampeleka mwingine mahali palepale kwa sababu maharage hayaoti kwenye mawe. Mjukuu wangu ananiita anionyeshe kitu, namwitikia bila kugeuka.

"Mama hatasumbuka na mlingoti," akasema, sasa kwa upole. "Anasumbuka na mimi kuwa kule chini sina macho."

Asubuhi nikamsubiri Laptopu kwenye kona, maana nilijua atarudi kuangalia betri. Nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kuulizwa mimi na wakubwa wake kabla hawajamwaga zege. Nikamuuliza mlingoti ukishika mtandao, meseji inakwenda kwa nani.

"Kwa Mkuu," akasema. "Na kwa msaidizi wake. Na data yote inaingia kwenye kompyuta ya makao makuu."

"Na bondeni?"

"Bondeni hakuna aliyeandikishwa."

"Sasa bondeni watajuaje?"

"Mkuu anatoa tangazo."

"Kwa njia gani?"

Laptopu akajikuna shingo. "Kwa barua, mzee. Inapitia kwa viongozi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Maji yanashuka usiku, barua inashuka kwa bahasha, inagongwa muhuri njiani, halafu inamkuta mtu amesimama kwenye maharage na maji kifuani, anaisoma. Nikamwambia kama wanataka kaburi la mke wangu, Mkuu aje mwenyewe.

Akaja. Lazima aje, maana Laptopu alininong'oneza kwamba wageni wakubwa wa mradi wanafika kuangalia mstari wa mto wetu ukitembea kwenye kioo huko mjini, na mpaka siku hiyo kioo kilikuwa cheupe. Mkuu ni mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, anatembea kwenye uwanja wangu kama paka juu ya maji. Nilimpa kiti. Akafuta kiti.

"Mzee wangu," akaanza, "serikali inatambua uchungu wako."

"Imeutambua lini?"

Akapita juu ya swali hilo kama hakulisikia. "Tumefanya tathmini. Njia nyepesi ni kulihamisha kaburi, kwa heshima zote na kwa gharama zetu."

Mkwe wangu akaweka beseni chini.

"Mkuu," akasema, "ukimgusa mama mkwe wangu utarudi ofisini pekupeku, na hivyo viatu nitabaki navyo mimi."

"Dada, tunazungumza kistaarabu."

"Huo ndio ustaarabu wangu wote, umefika mwisho."

Laptopu akakohoa, akasema si lazima kuhamisha, mlingoti unaweza kukaa upande wa miguuni, ndani ya mawe ya mpaka lakini nje ya shimo lenyewe. Amepima kwa macho, patatosha. Mkuu akalishika hilo haraka. "Vizuri sana! Na tutamwekea marehemu marumaru."

"Alikaa maisha yake yote kwenye sakafu ya udongo hakulalamika," nikamwambia. "Marumaru kawawekee wageni wako. Mimi nataka namba za watu wa bondeni ziingie humo ndani. Meseji inayokwenda kwako iende na kwao, wakati uleule."

Mkuu akatabasamu kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi haushikiki. "Haiwezekani. Utaratibu hauruhusu. Taarifa ghafi ikimfikia mwananchi moja kwa moja italeta taharuki."

"Taharuki ndiyo ninayoitaka! Nataka wataharuki wakimbie!"

"Tahadhari hutolewa na mamlaka husika."

"Mamlaka husika siku ile ilikuwa wapi? Na gari lilikuwa wapi?"

Hapo uso ulimbadilika kidogo. Akamtazama Laptopu, Laptopu akatazama kuku. Nikajua hata gari siku ile lilikuwa kwenye mambo yake, lakini sikuuliza zaidi. Ningejibiwa nini? Nilisimama, nikapanda mpaka kaburini, nikakaa kwenye mawe ya miguuni, nikakunja mikono. Chimbeni sasa, nikawaza.

Ilibidi wapande wote. Mkuu alifika juu anahema, viatu vimeingia vumbi. Alijaribu utaratibu, akajaribu sheria, akajaribu kuniita baba. Nikawa jiwe mojawapo. Mwisho akasema, "Namba moja. Kwa majaribio. Moja tu."

Nilidhani atasema hapana mpaka jioni, kwa hiyo moja ilinikuta sijajiandaa. Yangu? Simu yangu haina maana, ili ilie lazima niwe nimekaa hapo hapo nilipokuwa. Bondeni simu zinashika vizuri, kuna mnara upande ule.

"Yake," nikasema, nikamwonyesha mkwe wangu. "Ana sauti. Akipata yeye wamepata wote."

Hilo hakuna aliyebisha.

Laptopu akafungua laptopu yake juu ya mwamba, akaunganisha na loga nyingine ya akiba aliyokuwa nayo garini, yenye laini ya simu na kipimo chake, akaandika namba. Akachovya kipimo kwenye ndoo ya maji ya kuku. Tukasimama tumezunguka kaburi, watu wazima wanne, tunaitazama simu ya mkwe wangu kama inataka kutaga.

Ting.

Akasoma. "K, nne. K, N, tatu nukta moja. B, T, sawa." Akageuza simu juu chini. "Hii ni meseji au namba ya gari?"

"Ndivyo mtambo unavyoongea," akasema Mkuu.

"Basi hapo nimeshakufa."

Nikamwambia Laptopu aandike maneno ya watu. Alisema inawezekana, kuna nafasi ya maneno, ila si mengi. Mkuu akainua kidole. Kama ni maneno, yatatoka ofisini kwake, na atayatamka yeye. Akasafisha koo, akatamka, na Laptopu akaandika neno kwa neno, na kipimo kikachovywa tena.

Ting.

"'Ofisi inapenda kuwataarifu wananchi wote wanaofanya shughuli za kilimo kandokando ya mto,'" mkwe wangu akasoma, "'kwamba kwa mujibu wa vipimo vyetu vya kitaalamu kina cha maji kime.'"

Tukasubiri.

"Kime nini?" nikauliza.

"Imeishia hapo, Baba. Kime. Mkuu, kimefanya nini? Kimeoa?"

"Nafasi imejaa," akasema Laptopu kwa sauti ndogo.

Mkuu akataka kupunguza "vya kitaalamu" tu. Akataka na "inapenda" ibaki, kwa sababu ofisi haiwezi kumwandikia mwananchi bila adabu. Wakati anatafakari simu yake ikalia. Akaondoka nayo kwenda kuongea kwa siri kwenye gari, na hatua chache tu mbali na kaburi ikakatika. Akarudi, ikalia, akaondoka, ikakatika. Alipokuwa kwenye safari yake ya tatu mkwe wangu akamwinamia Laptopu. "Shemeji. Andika hivi: Maji yanakuja, toka shambani."

Laptopu akaandika. Akabonyeza. Akafunga laptopu kabla Mkuu hajarudi.

Shimo la mlingoti nilichimba mimi. Sikutaka sururu ya mtu mwingine pale. Taa ikawa ya kijani, wageni wa mjini wakaona mstari wao ukitembea kwenye kioo, wakafurahi, nasikia Mkuu akapewa cheti. Mimi nikabaki na chuma kirefu miguuni pa mke wangu na waya unaopita katikati ya nyanya zangu.

Miezi ikapita kavu. Simu haikulia, na mimi sikuacha kusimama mlangoni. Nilikuwa siamini. Kitu kilichonunuliwa na watu wale kingefanya kazi siku gani?

Halafu mvua zilipoanza, siku moja ya jua kali saa sita mchana, nikasikia kelele kwenye njia ya mgongoni. Matusi. Sauti za wanawake, za wanaume, mbuzi wanalia katikati. Nikatoka mbio. Bonde zima lilikuwa linapanda kilima, na mbele yao mkwe wangu, matope mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni, hana kapu, hana jembe, mtandio umefungwa kiunoni.

"Baba! Maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Imelia! Imelia mara nne, maji yanakuja, maji yanakuja! Nimepiga kelele mpaka sauti imepasuka, watu wameacha mavuno chini, tumekimbia kama tumeiba! Tumefika kwenye njia, tumegeuka, mto umelala pale kama nyoka ameshiba! Maji yako wapi?"

Kutoka korongoni akatokea Laptopu. Bomba la kipimo begani, brashi mkononi, anapiga mluzi. Aliona umati, mluzi ukafa.

"Jamani," akasema, "nilikuwa nasafisha kipimo. Nakizamisha nakitoa, kutoa matope. Nilisahau kuzima."

Sijawahi kusikia mtu mmoja akitukanwa na watu wengi kwa ufundi kiasi kile. Walimtukania laptopu yake, shule aliyosomea, na brashi. Akarudi nyuma hatua moja moja mpaka akawa amejificha mgongoni kwangu, kijana mrefu hivyo. Nikamvutia kigoda ninachokalia pale kaburini. Nikamwambia akae, atukanwe vizuri.

Simu yake ikalia; tulikuwa juu penye kaburi, ambako mtandao unashika. Mkuu. Laptopu akaiweka sauti ya nje bila kutaka.

"Hiyo meseji ni nini? Na mimi imenifikia, nipo kwenye kikao! Naambiwa kuna watu wanakimbia huko. Nilisema nini kuhusu taharuki? Toa hiyo namba leo hii. Leo!"

Laptopu akanitazama. Nikaona namba imekwenda, maana ndiyo sababu waliyokuwa wanaitafuta, na tumewapa wenyewe. Nikafungua mdomo, lakini mkwe wangu alikuwa amekwisha kuinyakua simu.

"Mkuu! Ndiye mimi mwenye namba. Niliyetaharuki ni mimi. Nimekimbia, nimeacha jembe, nimeacha kapu, nimeacha kiatu. Ikilia kesho nitakimbia tena, na keshokutwa. Ukiitoa tunakuja ofisini kwako hawa wote, na mbuzi!"

"Na mbuzi!" wakaitikia walio nyuma, watu walewale waliokuwa wanataka kummeza fundi.

Mkuu alisema jambo kuhusu utaratibu. Mkwe wangu akamwambia kuna kikao kinamsubiri, akakata, akamrudishia Laptopu simu yake.

"Namba yangu inatoka?"

"Haitoki, dada."

"Vizuri. Na siku ukisafisha?"

"Nazima kwanza."

"Utazima kwanza." Akakaa kwenye mawe, akakunja mguu, akatazama unyayo wake ambao mwiba ulikuwa umeuchana. Watu wakajaa uwanjani kwangu, wamechoka, wana vumbi, wana hasira, wanataka maji ya kunywa. Walimaliza mtungi mzima. Nilizunguka na kikombe nikiwapa mmoja mmoja, na kila niliyempa alinilalamikia kuhusu maharage yake. Nikawajibu ndiyo, ndiyo, hawa watu wa ofisi hawana akili, kunywa.

"Shemeji Laptopu," mkwe wangu akaita, "mbona bado umekaa? Shuka bondeni ukaniletee kiatu."

Fundi akainuka, akaanza kushuka na brashi yake bado mkononi.

"Na jembe!" akamfokea.